Kwa nini mchoraji wa Athens anaitwa Mchoraji wa Berlin?

Msomaji anayeishi Ujerumani anauliza: "Nilikwenda Altes Museum hapa Berlin kuangalia vyombo vya Ugiriki ya Kale. Mtungi mmoja mkubwa wenye mfuniko ulinivutia sana: mweusi unaong'aa, na watu juu yake wana rangi ya udongo. Maelezo yanasema umechorwa Athens kati ya 500 na 490 KK na 'Mchoraji wa Berlin'. Wakati huo Berlin haikuwepo! Halafu nimesoma kwamba amechora vyombo vingine zaidi ya 300. Kama hakuandika jina lake, wamejuaje? Huku si kubahatisha tu?"

Nianze na jina, maana hilo ni jepesi. Berlin ni mahali mtungi ulipo sasa, basi. Mchoraji mwenyewe alifanya kazi Athens, mji ambao mtaa wake wa wafinyanzi uliitwa Kerameikos. Mtungi ulisafirishwa enzi zilezile hadi Italia kwa Waetruski, ambao walikuwa wateja wakubwa wa vyombo vya Athens na walizoea kuwazika wafu wao pamoja navyo. Ulifukuliwa Vulci, mji wao wa kale, katika karne ya 19, ukaishia Berlin, ukapewa namba 2160. Mwaka 1911 msomi kijana wa Oxford, John Davidson Beazley, alichapisha makala iliyokusanya vyombo vilivyotawanyika katika makumbusho mengi ya Ulaya, akasema vyote vimetoka katika mkono mmoja, ule uliochora mtungi wa Berlin. Alihitaji namna ya kumtaja mtu huyo, akamwita kwa chombo chake kilicho bora.

Huo ndio utaratibu hadi leo. Asiyejulikana jina huitwa kwa mji wenye kazi yake muhimu, au kwa picha aliyochora. Mchoraji wa Pan, kwa mfano, anaitwa hivyo kwa sababu ya chombo kilichoko Boston kinachomwonyesha mungu Pan akimkimbiza mchungaji. Wengine huitwa kwa jina la mfinyanzi waliyefanya naye kazi, kama Mchoraji wa Kleophrades. Katika vyombo vya Athens mfinyanzi na mchoraji mara nyingi walikuwa watu wawili, na mara chache mmoja wao aliandika kwa brashi "fulani ametengeneza" au "fulani amechora". Vyombo vingi mno havina neno lolote la namna hiyo.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito, na siwezi kulijibu bila kwanza kukurudisha kwenye mtungi wenyewe.

Upande mmoja wanaonekana wawili wakiwa wamekaribiana sana. Mmoja ni Hermes, mjumbe wa miungu, ana fimbo yake ya ujumbe, viatu vyenye mabawa, jagi la mvinyo na kikombe kikubwa chenye mikono mirefu. Mwingine ni satiri, kiumbe mwenye umbo la mtu lakini masikio na mkia wa farasi, ameshika kinubi. Jina lake limeandikwa pale pale: Oreimachos. Katikati yao amesimama mtoto wa paa. Wote watatu wamefunikana, huyu mbele ya yule, hata ukipunguza macho unaona umbo moja tu lenye ncha nyingi. Upande wa pili yuko satiri peke yake, Orochares.

Sasa angalia kisichokuwepo. Wachoraji wengi wa wakati ule waliizungushia picha fremu ya mapambo pande zote. Huyu ameiondoa. Mtungi mzima ni mweusi, na watu wake wamesimama ndani ya weusi huo wakiwa na ukanda mfupi tu wa mapambo chini ya miguu. Hakuna ardhi, hakuna mti, hakuna nyumba. Kuanzia hapo alirudia uamuzi huo mara nyingi: mtu mmoja upande huu, mtu mmoja upande ule, na weusi mtupu kati yao. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa kijasiri kuliko mwingine wowote katika uchoraji wa vyombo vya Kigiriki, kwa sababu umbo lililoachwa peke yake namna hiyo halina pa kuficha kosa.

Lakini mpangilio wa picha unaweza kuigwa na yeyote, na ushahidi wa Beazley haukusimama juu ya mpangilio. Ulisimama juu ya mistari. Hapa inabidi tuingie karakana.

Mtindo huu wa picha nyekundu ulianza Athens kati ya 530 na 520 KK. Kabla yake mchoraji alijaza umbo la mtu kwa weusi kisha akakwangua mistari ya ndani kwa ncha kali. Mtindo mpya uligeuza mambo: mtu huachwa na rangi ya udongo, na kinachopakwa weusi ni nafasi inayomzunguka. Mistari ya ndani, yaani jicho, misuli na mikunjo ya nguo, sasa huchorwa badala ya kukwanguliwa. Na weusi wenyewe si rangi kwa maana tunayoijua. Ni udongo uleule wenye chuma, uliochujwa kwa maji hadi zikabaki chembe laini kabisa. Tofauti yake na mwili wa chombo huletwa na moto. Chombo huingia tanurini mara moja, lakini moto huendeshwa kwa awamu tatu. Kwanza hewa huruhusiwa, na kila kitu huwa chekundu. Kisha matundu huzibwa, huwekwa kuni mbichi, joto hupanda hadi kama nyuzi 900 na zaidi, na chombo kizima huwa cheusi. Hapo ndipo ule udongo laini huyeyuka kidogo na kujifunga kama kioo. Mwishoni hewa hurudishwa. Mwili wa chombo, ulio na vinyweleo, huvuta hewa na kurudi wekundu, lakini sehemu iliyopakwa imeshajifunga, hewa haiingii tena, na weusi wake unabaki.

Maana yake ni kwamba wakati anachora, mchoraji hakuwa anaona nyeusi na nyekundu unazoziona wewe. Alikuwa anapaka udongo juu ya udongo, rangi mbili zinazokaribiana sana. Alianza kwa rasimu nyepesi iliyokwaruzwa juu ya chombo kibichi. Ukisimama mahali ambapo taa inapiga kwa upande, mara nyingine bado utaona mifereji yake, na utaona pia pale alipobadili mawazo. Kisha alizungushia umbo utepe wa upana wa milimita chache kabla nafasi iliyobaki haijajazwa. Mistari mikuu ya ndani aliichora kwa udongo mzito uliotoka mwembamba kama uzi na kubaki umeinuka. Mistari hiyo unaweza kuihisi kwa ncha ya kidole, kama ungeruhusiwa kugusa. Kwa misuli midogo alitumia udongo uliochanganywa maji mengi, ambao baada ya moto huwa wa rangi ya asali.

Mstari ulioinuka hauchorwi kwa kusitasita. Ukisimama katikati, doa linabaki. Kwa hiyo unachorwa kwa mwendo mmoja, wa haraka, na mkono ambao umeshauchora mara nyingi sana. Hapo ndipo mazoea ya mtu hujitokeza bila yeye kukusudia.

Beazley hakuwa wa kwanza kulifikiria hili. Katika karne ya 19 Mwitalia Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, aliwashauri wanaotaka kumtambua mchoraji wa picha waache kutazama uso wa mtakatifu na tabasamu lake, kwa sababu hapo kila mwanafunzi humwiga mwalimu. Watazame sikio, ukucha, tundu la pua, mahali ambapo mchoraji huchora bila kufikiri. Beazley alilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye vyombo kwa subira ya ajabu. Alinakili mistari kwa mkono wake mwenyewe, chombo baada ya chombo: mfupa wa bega, goti, kifundo cha mguu, sikio, ukingo wa nguo. Kwa Mchoraji wa Berlin aligundua kwamba mambo hayo hurudi pamoja. Mistari miwili ya chini ya kifua, kwa mfano, inapokutana juu ya tumbo huacha pembetatu ndogo sana. Kifundo cha mguu, bega na mapaja vina namna zake, na hata ukanda wa mapambo chini ya miguu una mpangilio wake.

Alama moja haithibitishi kitu. Mwalimu aliyesahihisha madaftari ya darasa moja kwa miaka mitatu humtambua mwanafunzi asiyeandika jina, wala hamtambui kwa herufi "k" peke yake. Anamtambua kwa jinsi "k", "g", nafasi kati ya maneno na mwinamo wa mstari vinavyokuja kwa pamoja. Beazley alitafuta mkusanyiko wa namna hiyo. Wawili wanaweza kuchora goti sawa. Ni vigumu mno wawili kuchora sawa goti, sikio, bega, kifundo na mkunjo, tena kwa kasi ileile ya mkono.

Umeuliza kama huko si kubahatisha. Ni hukumu ya jicho, na jicho linaweza kukosea, lakini kubahatisha hapana. Jicho hilo limewahi kupimwa kwa njia isiyobishaniwa. Mkusanyo mkubwa wa Marquis Campana wa Roma uliuzwa mwaka 1861, sehemu kubwa ikaenda Ufaransa, na vipande vingi vya vyombo vilivyovunjika vikatawanyika huku na huko. Mwaka 1933 Beazley alichapisha kitabu juu ya vipande vilivyokuwa Florence, akionyesha kwamba vingi ni sehemu za vyombo ambavyo mabaki yake mengine yako katika makumbusho ya miji mingine. Kipande kikiingia katika pengo la mwenzake, ukingo kwa ukingo, mjadala umekwisha.

Nguvu hiyo ina mipaka yake, na ni haki uijue. Kwa wachoraji wakubwa wenye mkono wa pekee, kama huyu wako, wataalamu wengi hukubaliana kuhusu kazi zake za ujana na za katikati. Tatizo linaanza kwenye kazi za uzeeni. Kuna vyombo vingi vya baadaye vyenye alama zilezile lakini mstari umelegea, watu wamekuwa wakavu, picha zinajirudia. Beazley alivihesabu kuwa vyake, mzee aliyechoka akirudia alichokijua. Wengine wanaona humo mikono ya wanafunzi wake. Mimi naelekea upande wa Beazley kwa vingi kati yake, ila sioni aibu kwa anayesema vinginevyo, maana katika karakana moja mwanafunzi hujifunza hadi mazoea ya mwalimu wake. Kwa wachoraji wadogo, waliochora harakaharaka vikombe vya bei rahisi, mashaka ni makubwa zaidi, na baadhi ya majina katika orodha ndefu za Beazley pengine si mtu mmoja mmoja.

Kuna pia lawama ninayoichukua kwa uzito mkubwa. Jina la mchoraji hupandisha bei. Chombo kilichokuwa "mtungi wa Athens" kikigeuka kuwa "mtungi wa fulani", soko huamka, na nyuma ya soko wapo wanaovunja makaburi usiku. Mwaka 1972 Metropolitan Museum ya New York ilinunua chombo cha Euphronios, mchoraji wa Athens na mmoja wa waliotia sahihi, kwa dola milioni moja. Ikaja kubainika kilifukuliwa kwa wizi, na mwaka 2008 kilirudishwa Italia. Kaburi likishavunjwa hatutajua chombo kilikuwa cha nani, kililala karibu na nini, wala kilitumiwaje. Mtaalamu anayetambua mkono wa mchoraji bila kuuliza chombo kimetoka wapi anashiriki katika hasara hiyo.

Nakuomba ufuatilie jambo moja zaidi, kwa sababu linaonyesha karakana kama familia. Washindi wa michezo ya Panathenaia huko Athens walipewa mafuta ya zeituni ndani ya mitungi maalumu. Kwa desturi mitungi hiyo iliendelea kuchorwa kwa mtindo wa zamani wa picha nyeusi hata baada ya mtindo mpya kushika, na upande wa mbele daima yupo Athena, mungu mlinzi wa mji, mwenye silaha, na ngao yake. Mchoraji wa Berlin alipopata kazi hiyo aliweka kwenye ngao uso wa Gorgon, jini wa kike wa hadithi mwenye nyoka kichwani. Mwenzake wa rika moja, Mchoraji wa Kleophrades, aliweka Pegasos, farasi mwenye mabawa. Baadaye, mitungi ya namna hiyo inapotoka kwa Mchoraji wa Achilles, kizazi kinachofuata, Gorgon yupo tena kwenye ngao. Beazley alikuwa ameshasema, kwa kutazama mistari peke yake, kwamba Mchoraji wa Achilles alikuwa mwanafunzi wa Mchoraji wa Berlin. Ngao inakubaliana naye. Hermonax, ambaye yeye alitia sahihi, anahesabiwa pia miongoni mwa wanafunzi hao.

Je, huyu mtu alikuwa nani? Alianza kazi miaka ya mwisho ya karne ya 6 KK, akiwafuata mabingwa wa kizazi cha Euphronios na Euthymides, na aliendelea hadi ndani ya miaka ya 460. Kwa hiyo aliishi Athens wakati wa vita vya Marathon dhidi ya Waajemi, mwaka 490 KK, na alikuwepo Waajemi walipouchoma mji mwaka 480. Tukitazama majina ya wafinyanzi na wachoraji waliotia sahihi, baadhi yao wa kabla yake, karakana zilijaa wageni: Lydos ni jina la mtu wa Lydia, Skythes la Mskithi, Amasis ni jina la Kimisri. Epiktetos linaelekea kuwa jina la mtumwa. Mtungi mmoja wa karne ya 5 KK uliopatikana Ruvo, kusini mwa Italia, unaonyesha karakana ikiwa kazini, na kwenye kona yake mwanamke ameketi akipamba chombo. Tunasema "yeye" wa Berlin tukimfikiria raia mwanaume wa Athens kwa mazoea tu.

Kuhusu kutafuta jina lake halisi, watu wamejaribu. Kisa cha Mchoraji wa Kleophrades kinatosha kukuonyesha hatari yake. Kwenye chombo chake kimoja, nacho kiko Berlin, ilisomeka sahihi ya Epiktetos, na kwa miaka mingi vitabu vilisema hilo ndilo jina lake. Baadaye ilionekana kwamba maandishi hayo yaliongezwa na mtu wa zama zetu. Kwa upande wa Mchoraji wa Berlin, lipo bakuli la kunywea lililofukuliwa katika soko kuu la Athens, Agora, lenye sahihi ya mfinyanzi Gorgos. Martin Robertson, msomi mwingine wa vyombo hivi, alishawishika kwamba picha zake ni kazi ya ujana wa Mchoraji wa Berlin, Beazley hakukubali. Hata Robertson angekuwa sahihi, Gorgos amejitaja kuwa aliyetengeneza bakuli, na hilo halimfanyi kuwa aliyelichora.

Ukipata safari nyingine, ziko kazi zake tatu ambazo ningetaka uzione. London, British Museum, kuna chombo kikubwa cha kuchanganyia mvinyo kilichopatikana Cerveteri, Italia. Mwili wake wote ameuacha mweusi, picha ziko shingoni tu. Upande mmoja Achilles, shujaa wa Wagiriki katika vita vya Troya, anapigana na Hector wa Troya, upande wa pili anapigana na Memnon, mfalme wa Aithiopia, nchi ambayo Wagiriki waliiweka kusini mwa Misri. Mama zao wamesimama nyuma yao, Thetis nyuma ya Achilles, na Eos, mungu wa alfajiri, nyuma ya Memnon anayeanguka. Paris, Louvre, yupo Ganymede, kijana mzuri aliyependwa na Zeus, uchi, anasukuma gurudumu la mchezo, mkono wa pili ameshika jogoo. Zeus anayemfukuza yuko upande wa pili wa chombo, kwa hiyo lazima ukizunguke ili kisa kikamilike.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko mtungi wa Berlin. Iko Metropolitan Museum, New York, nayo ni ya karibu mwaka 490 KK. Kijana anaimba huku akipiga kinubi kikubwa cha mashindano. Kichwa amekirudisha nyuma, mdomo wazi, mwili unayumba na wimbo, na kitambaa kilichofungwa kwenye kinubi kinapepea kufuata mwendo wake. Upande wa pili mwanamume mwenye fimbo amenyoosha mkono, akimsikiliza. Ukifika mbele yake, shuka hadi kwenye vifundo vya miguu na mikunjo ya vazi, kisha ulinganishe na picha ulizopiga za Hermes wa Berlin. Anza na vifundo. Ndipo utaweza kuamua mwenyewe kama Beazley alikuwa anabahatisha.